BENCHI LA SEREMALA: NAMNA YA KULIUNDA NYUMBANI

Fundi hujulikana kwa kazi yake, na mlango hauwezi kuficha kosa. Mlango uliopindika kidogo tu hukwaruza sakafu, hukataa kuingia mahali pake, na mwenye nyumba akiuona hupunguza malipo au huukataa kabisa. Watu husema fundi ni mzembe, au mbao zilikuwa mbaya. Mara nyingi si hivyo. Sababu ni kwamba ubao ule ulipokuwa ukirandwa ulilazwa juu ya mawe mawili au juu ya pipa, ukawa unacheza huku na huku. Na randa haiwezi kunyosha kitu kisichotulia.

Jambo hili huwapata hasa vijana waliotoka katika vyuo vya ufundi. Chuoni kijana husimama mbele ya benchi zito lenye jiliwa la chuma, na kazi yake hutoka sawasawa. Akirudi kwao huwa na msumeno, randa na patasi mbili, lakini hana benchi. Hudhani ya kuwa benchi ni mali ya watu wenye fedha, basi huanza kufanya kazi chini, mguu mmoja ukikanyaga ubao na mkono mmoja ukisukuma randa. Haupiti muda mrefu mgongo humuuma, wateja hupungua, na mwisho vyombo vyake huuzwa ili alipe madeni. Ni hasara kubwa, na sababu yake ni ndogo. Benchi imara laweza kuundwa kwa mbao zinazouzwa katika kila mji wa Kenya, kwa vyombo vile vile alivyo navyo, bila kununua jiliwa hata moja.

BENCHI SI MEZA

Kwanza yapasa ifahamike tofauti iliyopo baina ya meza na benchi. Meza ni chombo cha kuwekea vitu. Benchi ni chombo cha kushikia kazi. Meza huchukua mzigo unaoshuka chini tu, bali benchi husukumwa ubavuni mchana kutwa, maana kila randa ipitapo hulisukuma kwa nguvu za mwili wa fundi. Ndiyo sababu meza ya chakula, hata iwe nzuri namna gani, hulegea viungo upesi ikitumiwa kwa useremala.

Tena benchi huokoa vidole. Likishika kazi vema, mikono yote miwili huwa huru kuongoza chombo, na hapana haja ya mkono mmoja kukaa mbele ya patasi. Patasi huteleza ikaingia katika kiganja au paja pale mkono au goti linapofanya kazi ambayo ingefanywa na benchi.

Ni kweli kwamba si kila kazi ya mbao huhitaji benchi. Mchonga nakshi wa Lamu aweza kuketi, ubao ukiwa umelala mbele yake, kwa kuwa nakshi hukatwa kidogo kidogo kwa patasi na nyundo ya mti, na uzito wa ubao wenyewe hutosha kuutuliza. Lakini kuranda ubao wa futi 6 ni jambo lingine, na mafundi wa nchi nyingi waliligundua hilo zamani sana. Katika ngome ya Kirumi ya Saalburg, huko Ujerumani, benchi la seremala la zama za Warumi lilipatikana ndani ya kisima. Katika Ufaransa, André-Jacob Roubo alieleza benchi lenye uso mnene wa gogo moja katika vitabu vyake vya useremala vilivyotolewa kati ya 1769 na 1775. Katika Uingereza, Peter Nicholson alieleza mwaka 1812 benchi la namna nyingine, jepesi kwa bei, lenye mbao pana zilizosimamishwa ubavuni.

Benchi hilo la Kiingereza ndilo linalofaa zaidi karakana ya nyumbani, maana halihitaji gogo nene. Nguvu zake hutoka katika zile mbao mbili za ubavuni. Kila mtu aweza kulihakikisha jambo hili kwa rula: rula iliyolala hupinda kwa kidole kimoja, lakini ikisimamishwa kwa ukingo wake haipindi. Vivyo hivyo ubao wa inchi 1 uliosimama kwa ukingo waweza kulizuia benchi lote lisiyumbe.

KUCHAGUA MBAO

Mbao za saipresi au za msindano zafaa. Miti hii hupandwa kwa wingi katika nyanda za juu, na mbao zake hurandwa kwa urahisi. Mgravilia uliopandwa shambani nao wafaa, ukiwa umekauka. Mkaratusi ni mgumu na wenye nguvu, lakini hupindika na kupasuka sana unapokauka, basi ni heri utumiwe kwa vigingi tu. Hapana haja ya kutafuta miti ya asili kama podo na mwerezi. Benchi halina sababu ya kula msitu.

Mnunuzi asichukue mbao za juu ya rundo bila kuzitazama. Akamate ncha ya ubao, afumbe jicho moja, autazame kwa urefu wake kama atazamavyo mshale. Uliopinda kidogo kama upinde waweza kunyoshwa kwa randa; uliojisokota kama kamba urudishwe. Tena auache ubao wenye moyo wa mti katikati, kwa kuwa huo hupasuka, na wenye mafundo makubwa ukingoni.

Mbao nyingi huuzwa zikiwa mbichi. Yapasa zipangwe chini ya paa, mahali penye upepo, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Ubao mmoja upimwe uzito kila juma kwenye mizani ya duka. Maadamu uzito unapungua, maji yangali yanatoka. Uzito ukikoma kupungua, mbao ziko tayari. Asiyekuwa na subira hapa ataona viungo vikifunguka baadaye, wala gundi haitamsaidia.

VITU VINAVYOTAKIWA

Benchi linaloelezwa hapa lina urefu wa futi 6, upana wa inchi 23 hivi, na kimo cha inchi 33 hivi. Kwa benchi hilo zanunuliwa:

Mbao za inchi 6 kwa 2, vipande 4 vya futi 6, kwa ajili ya uso.
Mbao za inchi 8 kwa 1, vipande 2 vya futi 6, kwa ajili ya mbavu. Zikipatikana za upana wa inchi 10 ni bora zaidi.
Mbao za inchi 4 kwa 2, jumla ya futi 30, kwa ajili ya miguu na mataruma, yaani mbao za kukingama.
Bolti 8 za unene wa robo tatu ya nusu inchi, urefu wa inchi 6, pamoja na nati na vikombe vyake.
Misumari ya inchi 5, gundi ya mbao, na vipande vya mti mgumu uliokauka kwa kuchongea vigingi.

Vyombo ni msumeno, randa, patasi ya inchi 1, nyundo, keekee yenye ncha za kutobolea, futi, penseli, na skwea ya kupimia pembe.

KIMO

Kimo cha benchi hakitoki kitabuni bali katika mwili wa mwenyewe. Fundi asimame wima akiwa amevaa viatu vyake vya kazi, aache mikono ining'inie. Uso wa benchi uwe kati ya vifundo vya ngumi yake na kiungo cha mkono. Benchi likiwa juu zaidi ya hapo, randa itasukumwa kwa mabega peke yake, na fundi atachoka kabla ya saa sita. Likiwa chini mno atainama, na mgongo utalipa. Katika maelezo yafuatayo kimo kimechukuliwa kuwa inchi 33. Mwenye kimo kingine abadili urefu wa miguu tu.

KUUNDA FREMU ZA MIGUU

Kwanza mbao nne za uso zirandwe kingo zake na kulazwa sambamba, kati yake ikiachwa nafasi isiyozidi unene wa sarafu. Nafasi hiyo ni ya lazima, maana mbao huvimba wakati wa masika. Kisha upana wote upimwe. Ukiwa ni inchi 23, na kila ubavu ukiwa na unene wa inchi 1, basi taruma litakuwa na urefu wa inchi 21. Vipimo vikiwa mbali na hivyo, hesabu ni ile ile: upana wa uso, toa unene wa mbavu mbili.

Kila mguu huundwa kwa mbao mbili za inchi 4 kwa 2 zilizogandishwa uso kwa uso, na hapa ndipo ilipo siri ya benchi hili. Ubao wa nje ni mzima, wa inchi 31. Ule wa ndani umekatwa vipande, na katika mapengo yake huingia mataruma. Kwa njia hii hupatikana kiungo chenye nguvu bila kutoboa tundu kwa patasi, na mzigo wa benchi hukaa juu ya mbao, haukai juu ya misumari.

Kwa fremu moja zakatwa mbao mbili za inchi 31, mataruma mawili ya inchi 21, vipande viwili vya inchi 17, na vipande viwili vya inchi 6. Mbao mbili ndefu zilazwe chini, zikiwa zimeachana kiasi ambacho kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa nyingine ni inchi 21. Taruma la kwanza liwekwe juu yake kwenye ncha za juu. Chini yake katika kila mguu kiwekwe kipande cha inchi 17, kisha taruma la pili, kisha kipande cha inchi 6 kinachofika sakafuni. Jumla ni 4 na 17 na 4 na 6, yaani 31.

Lakini mbao zikisharandwa hupungua, na taruma la inchi 4 laweza kuwa pungufu kwa robo inchi. Basi fundi mwenye busara hakati vipande vya kujazia kwa kufuata futi. Huweka mataruma mahali pake, huweka kipande juu ya pengo, hutia alama kwa penseli, ndipo hukata. Ubao hupimwa kwa ubao. Viungo vikae vimebanana, pasipitishwe hata karatasi.

Pembe zikaguliwe kwa skwea, gundi ipakwe, na misumari ya inchi 5 ipigwe mitatu katika kila kiungo mpaka itokeze upande wa pili, kisha ncha zake zipindwe na kulazwa. Asiye na vyombo vya kubania atumie kamba: aizungushe mara mbili, apenyeze kijiti, akinyonge mpaka mbao zibanane, akifunge kisirudi. Fremu ziachwe mpaka kesho yake.

MBAVU NA USO

Fremu mbili zisimamishwe, kila moja ikiwa inchi 10 kutoka ncha ya benchi. Mbavu zitiwe mbele na nyuma, kingo zake za juu zikiwa sawa na vichwa vya miguu. Kila mguu upate bolti mbili: moja juu, ikipita katika ubao wa nje wa mguu, nyingine chini, ikipita katika kipande cha kujazia. Zikikaa hivyo kishazari huzuia benchi lisiyumbe kwa urefu wake. Vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya ubavu ili visikwaruze kazi. Katikati ya benchi litiwe taruma moja la inchi 21 kutoka ubavu hata ubavu, likikalia vipande vidogo vilivyogandishwa kwa ndani.

Sasa mbao za uso zilazwe. Hapa yafaa ikumbukwe kanuni moja: chuma kisikae katika uso wa benchi. Msumari mmoja uliosahauliwa hapo huharibu makali ya randa siku moja, na hiyo siku haikosi kufika. Badala ya misumari vitumiwe vigingi vya mti mgumu. Juu ya kila taruma, kila ubao utobolewe mashimo mawili ya nusu inchi, yenye kina cha inchi 4, yanayoingia katika taruma. Vigingi vipakwe gundi, vipigwe kwa nyundo, na vichwa vyake vikatwe sawa na uso.

KUSAWAZISHA USO

Benchi lililopindika huzaa kazi iliyopindika, basi kazi ya kusawazisha haina njia ya mkato. Zachukuliwa fito mbili zilizonyoka, za urefu wa inchi 24 na upana sawa. Moja huwekwa kukingama ncha moja ya benchi, nyingine ncha ya pili. Fundi huinama, hutazama kutoka mbali juu ya fito ya kwanza mpaka aone ile ya pili. Kingo za fito zikiwa sambamba, uso haukujisokota. Fito ya mbali ikionekana imeinuka upande mmoja, pembe hiyo yapasa irandwe.

Kwanza kurandwe kukingama nyuzi za mti ili sehemu za juu ziondoke upesi, kisha kishazari, mwisho kwa urefu, kwa makali yaliyonolewa vema na kutolewa kidogo sana. Fito zirudishwe mara kwa mara. Mbele ya uso na mbele ya ubavu ziwe sawasawa, kana kwamba ni ubao mmoja, maana hapo ndipo mlango utakaposimamishwa.

VISHIKIO VITATU

Jiliwa la chuma ni kitu kizuri, lakini laweza kungoja mpaka benchi lenyewe lilipie bei yake. Vishikio vitatu vya mti vyatosha kwa kuanzia.

Cha kwanza ni kizuizi. Inchi 6 kutoka ncha ya kushoto na inchi 3 kutoka ukingo wa mbele, litobolewe tundu la mraba la inchi 1 na nusu. Chini yake kigandishwe kipande kingine cha ubao ili tundu liwe refu. Katika tundu hilo kipigwe kigingi cha mti mgumu kinachobana, cha kupandishwa na kushushwa kwa nyundo. Ubao unaorandwa huegemea kizuizi hiki, na nguvu ya randa yenyewe huutuliza. Atumiaye mkono wa kushoto akitie upande wa kulia.

Cha pili ni mdomo wa ubavuni. Kipande cha mti mgumu chenye umbo la kabari hufungwa kwa bolti mbili mbele ya ubavu, upande wa kushoto, kikiacha pengo linaloanza kwa upana na kuishia kwa wembamba. Ubao uliosimamishwa kwa ukingo ukisukumwa ndani ya pengo hilo hujibana wenyewe, na kila randa inavyosukuma ndivyo unavyozidi kushikwa.

Cha tatu ni mashimo ya vigingi katika ubavu wa mbele, yenye upana wa robo tatu ya inchi, yakiachana inchi 5 au 6 kwa safu mbili. Kigingi kikitiwa katika shimo linalofaa hubeba ncha ya pili ya ubao. Kwa mdomo na kigingi kimoja, mtu mmoja aweza kuranda ukingo wa mlango bila kuomba mtu wa kumshikia.

KULIWEKA NA KULITUNZA

Karakana nyingi zina sakafu ya udongo. Kila mguu ukae juu ya jiwe bapa, ili mchwa wasipande wala unyevu usiingie. Benchi likicheza, litiwe kabari chini ya mguu mpaka litulie, kisha miguu yote itiwe alama kwa kipande kimoja cha ubao kilichosukumwa sakafuni, na kukatwa kwa msumeno. Juu ya mataruma ya chini zilazwe mbao chakavu, na juu yake liwekwe sanduku la mawe. Uzito huo haugharimu kitu, na benchi halitahama mahali pake.

Uso usipakwe rangi wala vanishi, kwa sababu kazi itateleza. Upakwe mafuta ya kitani mara moja au mbili, ili gundi inayomwagika ibanduke kwa urahisi. Matambara yaliyotumiwa kupaka mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa pembeni, maana yaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje mpaka yakauke. Kila mwisho wa masika bolti zikazwe, na uso ukaguliwe tena kwa zile fito mbili.

Benchi likiisha, lijaribiwe kabla ya kupokea kazi ya mteja. Ubao wa futi 5 uegemezwe kwenye kizuizi na kurandwa kwa nguvu zote. Miguu isipige kelele, mawe yasisogee, na ubao usiruke. Kisha ubao huo huo usimamishwe katika mdomo wa ubavuni, urandwe ukingo wake, na kupimwa kwa skwea toka ncha hata ncha. Mwanga ukionekana kati ya skwea na ubao, kosa litafutwe sasa, katika benchi au katika randa, wakati bado ni ubao wa majaribio tu. Usipoonekana, fundi aweza kupokea kazi ya mlango wa kwanza, na kutaja bei yake bila wasiwasi.